Msumeno wa Mkono au Msumeno wa Umeme? Fizikia ya Kukata Mbao Nyumbani

Mtu anayeazimia kujitengenezea rafu ya vitabu, kitanda cha mtoto au banda la kuku hukabiliwa na swali moja kabla hajagusa ubao hata mmoja: anunue msumeno wa mkono, au ajikaze kidogo anunue wa umeme? Muuza duka atamwambia kwamba ule wa mkono ni wa zamani na unachosha. Jirani aliyewahi kukatwa kidole atamwambia kinyume chake. Wote wawili wana hoja, lakini hakuna aliyemweleza msumeno unafanya nini hasa unapopita katika mti, na bila kulijua hilo uchaguzi huwa wa kubahatisha. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa msaada wa fizikia ya shule ya sekondari, ili tuweze kupima ni msumeno upi umfaao mtu afanyaye useremala nyumbani, si kiwandani.

Mti ni tita la mirija

Kipande cha ubao, kitazamwapo kwa hadubini, si donge moja kama sabuni. Ni mirija mingi sana, myembamba na mirefu, iliyolala karibu sambamba na urefu wa shina ulikotoka ubao huo. Kuta za mirija hiyo zimejengwa kwa selulosi, na lignini ndiyo inayoigandamanisha pamoja. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili pasipo hadubini na achukue tita la mabua ya mtama, alipake gundi, kisha aliache likauke. Kulipasua tita hilo kwa urefu ni kazi ya kutenganisha bua na bua. Kulikata kwa kukingama ni kazi ya kukata kila bua peke yake. Hizo ni kazi mbili mbalimbali, na jino linalofaa kwa moja halifai kwa nyingine.

Kwa sababu hiyo seremala aliyekamilika huwa na misumeno miwili ya mkono. Msumeno wa kupasulia, ambao hufuata nyuzi za mti, una meno makubwa, aghalabu kati ya 4 na 6 kwa kila inchi, na kila jino limenolewa kwa kukingama bapa la msumeno moja kwa moja. Jino hilo kwa hakika ni patasi ndogo. Msumeno wa kukatia una meno madogo zaidi, yapata 8 hadi 12 kwa inchi, nayo yamenolewa mshazari hata kila moja likapata makali ya kisu. Jino la kushoto huchanja nyuzi upande wa kushoto, la kulia huchanja upande wa kulia, na kilicho katikati huvunjika kikatoka kama unga.

Dukani aghalabu utauziwa wa kukatia bila kuambiwa kwamba upo mwingine. Ukijaribu kupasua ubao wa mita 2 kwa msumeno huo utafika mwisho, lakini kwa jasho la bure, kwa maana visu vyake vinachanja nyuzi ambazo hazikuhitaji kuchanjwa, na nafasi ndogo zilizo baina ya meno hujaa unga upesi. Watu wengi wameuhukumu msumeno wa mkono kwa kosa hilo, ilhali waliushika usio wake.

Ukilitazama jino moja baada ya jingine kutoka juu utaona kwamba yamepindwa kidogo, moja kushoto na linalofuata kulia. Kwa njia hiyo nafasi inayokatwa, ambayo hapa nitaiita mfuo, huwa pana kuliko bapa lenyewe. Bapa la unene wa milimita 1 linaweza kuacha mfuo wa milimita 1.5. Kama meno yasingepindwa, pande mbili za ubao zingelibana bapa, msuguano ungeongezeka na msumeno ungekwama. Mti mbichi, ambao nyuzi zake huvimba na kusimama, hudai meno yaliyopindwa zaidi kuliko mti mkavu.

Kusukuma na kuvuta

Katika Jumba la Makumbusho la Kairo umo mfano mdogo wa karakana ya maseremala uliotoka katika kaburi la Meketre, mtu mkubwa wa Misri aliyeishi yapata miaka 4000 iliyopita. Mfano huo uligunduliwa mwaka 1920. Ndani yake yumo mpasuaji aliyefunga ubao wake wima kwenye nguzo, akiupasua kutoka juu. Misumeno ya zama hizo ilikuwa ya shaba, nayo ilikata ilipovutwa. Haikuwezekana vinginevyo: bapa la shaba likisukumwa hupinda.

Sababu yake inaweza kuonyeshwa darasani kwa rula nyembamba ya plastiki. Ishike rula ncha zote mbili uivute, nayo itabaki imenyooka hata ukitumia kani kubwa. Isukume ncha mbili zielekeane, nayo itabenuka mara moja. Ukanda mwembamba huhimili mvuto kuliko mgandamizo. Maseremala wa Japani wameishika kanuni hiyo mpaka leo: misumeno yao hukata inapovutwa, na kwa hiyo bapa lake huweza kuwa jembamba sana, na mfuo wake mwembamba vilevile. Misumeno iliyo ya kawaida kwetu, iliyofuata mtindo wa Ulaya, hukata inaposukumwa. Ni lazima bapa lake liwe nene kidogo na la chuma cha pua kilicho kigumu, na mkataji hulipa unene huo kwa jasho lake. Sisemi kwamba mtindo mmoja ni bora. Kusukuma humwezesha mtu kutumia uzito wa mwili wake, na kwa ubao mnene hilo si jambo dogo.

Msumeno unaochosha ni msumeno butu

Ningependa msomaji akae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo uchaguzi mwingi huharibikia. Mtu huazima msumeno uliotundikwa ukutani miaka mitano, akajaribu kukata ubao wa mninga, akachoka kabla ya kufika nusu, kisha akatoa hukumu kwamba zama za msumeno wa mkono zimepita. Alichokipima ni ubutu. Jino lenye makali huanza kukata kwa kani ndogo, kwani kani hiyo hukusanyika katika eneo dogo mno na hivyo shinikizo lake huwa kubwa. Jino lililovimbana ncha hueneza kani ileile katika eneo kubwa. Badala ya kukata husugua, na kazi anayoifanya mtu hugeuka joto. Gusa bapa la msumeno butu baada ya mikato mitatu utauona ushahidi wenyewe.

Kunoa si kazi ya siri. Hutakiwa tupa ya pembe tatu, vipande viwili vya mbao vya kulibana bapa, jiliwa, na nusu saa ya utulivu. Msumeno wa kupasulia hunolewa kwa tupa iliyokingama bapa kwa pembe mraba. Wa kukatia hunolewa kwa tupa iliyoelekezwa mshazari, kiasi cha digrii 65 kutoka kwenye bapa, jino moja ukilirukia jingine, kisha unageuza upande.

Lakini lipo tahadhari moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Misumeno mingi ya mkono inayouzwa siku hizi ina meno yaliyoshupazwa kwa joto kiwandani, nayo hutambulikana kwa rangi ya samawati inayoelekea weusi kwenye ncha zake. Meno hayo hudumu na makali yake muda mrefu, ila yakishakuwa butu tupa huteleza juu yake pasipo kufanya lolote, na msumeno huwa wa kutupwa. Anayetaka msumeno wa kudumu maishani na atafute wenye meno yasiyo na rangi hiyo. Kadhalika na atazame mti anaoukata. Mvule, kwa mfano, mara nyingine huwa na vijiwe vya kalisi kaboneti ndani ya shina lake, visivyoonekana mpaka jino limekutana navyo. Msaji nao una silika ndani yake, hupunguza makali ya chuma upesi. Msonobari wa mashamba ya Sao Hill, wilayani Mufindi, hauna makuu, ingawa utomvu wake hunata kwenye bapa.

Wati 75 na wati 1300

Sasa tuje kwenye mashine. Mtu mwenye afya aweza kutoa nguvu ya yapata wati 75 kwa muda mrefu bila kuchakaa. Msumeno wa duara wa umeme, ule wa kushikwa mkononi, huchukua kiasi cha wati 1300 kutoka kwenye soketi. Tofauti ni zaidi ya mara 17.

Tuchukue ubao wa unene wa milimita 25 na upana wa milimita 200. Kuukata kwa kukingama ni mkato wa sentimita 20. Kuupasua kwa urefu wa mita 2 ni mkato uliorefuka mara 10. Mashine inayokwenda mita 3 kwa dakika itaumaliza mkato huo mrefu kwa sekunde 40, ikiwa imechukua nishati ya jouli 52,000. Mtu wa wati 75 angehitaji dakika 11 na nusu kutoa nishati hiyo. Hesabu hii, nakiri, inampunja mtu, maana sehemu ya umeme hupotea kama joto la mota, na tena mashine hukata mfuo mpana zaidi. Hata tukiigawa kwa mbili, bado dakika tano au sita za kupasua si sawa na sekunde 40. Kwa mkato mfupi wa kukingama, ambao mtu aliye na msumeno mkali huumaliza kabla mwenzake hajamaliza kuutandaza waya, ubora huo hauonekani kabisa. Gharama ya umeme haina uzito hapa: jouli 52,000 hazifiki hata sehemu ya hamsini ya uniti moja.

Mfuo ni hesabu nyingine. Jani la msumeno wa duara lenye meno ya kabaidi aghalabu huacha mfuo wa milimita 2.6. Tuseme unataka fito za upana wa milimita 20 kutoka katika ubao wetu wa milimita 200. Kwa mfuo wa milimita 1.5 utapata fito 9: fito zenyewe milimita 180, mifuo 9 milimita 13.5, na hubaki milimita 6.5. Kwa mfuo wa milimita 2.6 utapata 8, na kipande kitakachobaki kitakuwa cha milimita 19.2, yaani umeikosa fito ya tisa kwa upungufu usiofika milimita moja. Seremala wa kweli atanicheka kwa hesabu hii, na ana haki: ukingo uliopasuliwa kwa mkono hudai kupigwa randa, na randa nayo hula. Ukingo wa mashine iliyoelekezwa vizuri hudai kidogo zaidi ya msasa. Lakini kwa mtu aliyenunua mninga kwa bei ya sasa, ni vema ajue kwamba sehemu ya mbao zake ataizoa kwa ufagio.

Mwendo wa jino

Jani la kipenyo cha milimita 190 linalozunguka mara 5000 kwa dakika lina mzingo wa karibu mita 0.6. Zidisha, kisha gawanya kwa 60: jino linakwenda karibu mita 50 kwa sekunde, sawa na kilomita 180 kwa saa. Kama jani lina meno 24, basi meno 2000 hupita mahali pamoja kila sekunde, na kila moja hukwangua sehemu ya milimita isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana mkato wake ni laini.

Mtu huhitaji yapata sehemu ya tano ya sekunde kuona hatari na kuanza kuuondoa mkono. Katika muda huo meno 400 yamekwisha kupita. Msumeno wa mkono huenda mita 1 kwa sekunde au pungufu, na huweza kukata kidole, wala tusijidanganye. Lakini mkono unaousukuma ndio huohuo unaohisi, nao ukisita msumeno husita.

Niliporejea kutoka masomoni ng'ambo nilikuja na msumeno wa duara, nao niliuonea fahari kuliko vitabu vyangu. Jumamosi ya kwanza niliulaza ubao wa mninga juu ya vigoda viwili, kimoja kila ncha, nikaanza kuukata katikati. Nilipokaribia mwisho ubao ulilegea katikati, mfuo ukajifunga juu, ukalibana jani. Mashine iliruka nyuma kuelekea kwangu, ikapasua gamba la ubao, ikapita kando ya paja langu. Sikuumia. Jirani yangu, mzee aliyefanya useremala maisha yake yote, alisikia kishindo akaja.

"Mwalimu, vigoda uliviweka wapi?"

"Huku na huku, Mzee, kwenye ncha."

"Basi ubao ulikuwa unauma. Msumeno wa mkono ungekwama tu, ukaukasirikia, ukasogeza kigoda."

Katika maneno hayo mafupi fizikia yote imo. Ubao uliotegemezwa nchani hubanwa juu na kuvutwa chini, na mfuo hujifunga upande wa juu. Meno ya mbele ya jani hupanda kutoka chini kwenda juu. Jani likibanwa, nishati yote ya mzunguko humrudia mkataji. Tegemeo lapasa kuwekwa karibu na mkato, ili kipande kinachokatwa kiweze kushuka na kuufungua mfuo. Kina cha jani kirekebishwe jino lipite chini ya ubao kidogo tu. Kikinga cha jani kisifungwe kwa waya ili kisisumbue, kama nilivyowahi kuona. Mashine nyingi, hasa za mezani, huwa na kibapa cha chuma nyuma ya jani kinachozuia mfuo usijifunge. Wanaokiondoa huondoa kitu cha thamani kuliko mota.

Hatari mbili zisizotoa damu pia zafaa kutajwa. Mashine hizi hufikia desibeli 100, na kwa kipimo kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini, yaani desibeli 85 kwa saa 8, huku muda ukipunguzwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, sikio lisilozibwa lina dakika 15 tu kwa siku. Vumbi nalo: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitia vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hususan ya pua. Unga wa msumeno wa mkono ni mnene na huanguka miguuni; wa mashine ni mwembamba na huelea. Kazi hiyo yataka uwanja ulio wazi na kitambaa cha kuchujia hewa, si chumba cha kulala.

Basi ununue upi?

Kwa mtu atakayetengeneza vitu vichache kwa mwaka, nashauri msumeno mmoja wa kukatia wenye meno yanayonoleka, tupa yake, na jiliwa. Huo utatosha kwa mikato ya kukingama na kwa viungio. Kupasua, ambako ndiko mashine inakoshinda waziwazi, si lazima kufanyike nyumbani: katika miji mingi zipo karakana za mbao ambazo kwa malipo madogo zitakupasulia na kukupigia randa, nawe ukarudi na mbao zako tayari. Njia hiyo ya tatu husahauliwa na wote wanaobishana.

Atakayekuwa na kazi ya kurudia, kama milango kumi ya ukubwa mmoja, au mbao nyingi za kupasua mahali pasipo na karakana, hapo msumeno wa duara una haki yake, na ninao bado. Anayetaka kukata mapindo atafute msumeno mwembamba wa umeme unaopanda na kushuka. Ni mpole, ila katika ubao mnene hupotea njia. Msumeno wa utepe ndio ningeuchagua kama fedha isingekuwa hoja, kwa maana mfuo wake ni mwembamba na kani yake huubana ubao kwenye meza badala ya kuurusha. Kwa shule yenye wanafunzi 40 na soketi moja sioni mjadala.

Walimu wanaotaka kulipima jambo hili wenyewe na wachukue ubao mmoja wa msonobari na msumeno mmoja butu. Mwanafunzi mmoja aukate kwa kukingama, mwenzake ahesabu misukumo, na idadi iandikwe ubaoni. Msumeno unolewe, kisha mwanafunzi yuleyule aukate ubao uleule, sentimita 2 kando ya mkato wa kwanza, ili nyuzi ziwe zilezile. Mwendo wa mkono usibadilike, na bapa lipanguswe unga kabla ya kila mkato.